Hatua Sita Chini ya Jiko

Watu wa mtaa wa bondeni walimwita Bwana Mitaro, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko buti za manispaa, ambazo wiki nzima hazikuwahi kukauka. Alikuwa msimamizi wa wazibuaji. Alikuwa amechoka mgongo, amechoka macho, amechoka hata kusema amechoka. Ofisini kwao kulikuwa na ramani ya mitaro, nzuri kweli, ya rangi tatu. Maji tu ndiyo hayakuwahi kuiona.

Asubuhi hiyo, siku ya tatu baada ya mafuriko, alishuka na kopo la rangi nyekundu na brashi. Kila jengo lililokalia mtaro lilipaswa kuwekewa alama ya kubomolewa. Alishapaka ukuta wa kinyozi na kibanda cha fundi viatu, akatukanwa vya kutosha. Likabaki jiko la dada yake.

Miaka tisa nyuma, dada alipotaka kulijenga, alimwita yeye kwanza, kwa kuwa ndiye mtaalamu wa ukoo. Mtaalamu mwenyewe alikuwa na miezi minne kazini. Alisimama ukingoni mwa mtaro, mikono kiunoni, akasema, "Jenga tu, dada. Tutalaza bomba chini, maji yatapita bila wasiwasi." Mvua ya kwanza tu, bomba likajaa mchanga. Tangu hapo wazibuaji walichimba mtaro kuanzia juu, na wakifika pale waliruka hatua sita, wakaendelea upande wa pili. Wenyewe waliita "kuruka jiko", na walicheka. Yeye aliandika kwenye daftari: umezibuliwa wote. Kila mwaka maji yalifika hapo, yakakosa njia, yakageuka na kuingia kwa jirani, mshonaji nguo, ambaye nyumba yake ilikuwa chini zaidi.

Alimkuta dada uani anasuuza nguo za wateja wa mshonaji, karai la tatu, vidole vimekunjamana.

"Karibu, mdogo wangu. Mbona uso umekushuka? Umekula?"

"Nimekula," akadanganya.

"Basi shika shuka hili tulikamue. Maskini mwenzangu, cherehani yake imelala majini siku mbili. Hivi haya maji kwa nini yanampenda yeye tu?"

Alikamua upande wake. Maji ya tope yakamtiririkia kwenye buti. Njia nzima alikuwa amepanga maneno, na sasa yote yalimkimbia.

"Ni jiko lako, dada. Bomba limeziba."

"Si mlizibue?"

"Halizibuki. Lazima jiko livunjwe."

Dada akashusha shuka. "Umejua lini?"

"Mvua ile ya kwanza."

"Ya mwaka huu?"

Alitikisa kichwa. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Miaka tisa," dada alisema polepole. "Miaka tisa naingia kwa yule mama na ufagio, namtolea tope, ananiombea dua, ananiita ndugu. Na wewe unajua."

"Sikutaka uhangaike. Jiko ulilijenga kwa taabu."

"Jiko!"

Alitamani dada amfokee, amrushie hata karai, yaishe. Dada hakufoka. Alijifuta mikono, akamnyang'anya brashi, akachora alama mwenyewe ukutani, kubwa, rangi ikachuruzika hadi chini. Kisha akajitanda mtandio.

"Haya, twende kwa jirani. Utasema wewe, kwa mdomo wako. Mimi nitasimama tu."

"Leo hii, dada? Nimechoka."

"Hata mimi."

Mshonaji alikuwa kibarazani, cherehani imefunguliwa vipande vipande juu ya gunia, anapangusa kutu kwa kitambaa. Alipowaona alisimama haraka. Akafuta kiti pekee kilichokauka, akamsogezea Bwana Mitaro.

"Kaa, kaka yangu, kaa. Najua ulivyohangaika na mtaro wetu."