Siku Senga Juwairiya Alipompima Askari

Ruqaiya wa Mafubira alikuwa na miaka thelathini na miwili, kampuni ya watu wawili, yeye akiwemo, na shangazi asiyeelewa mtu mzima anawezaje kuamka asubuhi, akanawa uso, akaenda kutengeneza michezo ya watoto. "Binti yangu," Senga Juwairiya alikuwa akimwambia kila Ijumaa, "wenzako Jinja hii wanajenga nyumba. Wewe unacheza." Huku Busoga dada wa baba ndiye senga, na senga ana haki ya kumwambia binti wa kaka yake lolote. Huyu haki yake aliitumia yote, hakubakisha hata chembe.

Ukweli ni kwamba Ruqaiya hakuwa akicheza. Aliacha kazi nzuri kwenye kampuni ya simu, akatunga mchezo wa mbuzi wanaovamia bustani za watu, na watoto kuanzia Jinja hadi Busia wakaupenda kupita kiasi. Kisha siku moja Shamim, binti wa jirani mwenye miaka tisa, akamletea simu amsomee ujumbe alioupata humo humo mchezoni. Mtu asiyejulikana alitaka picha yake na akamwambia asimwambie mama. Kwa kuwa Shamim alisema mapema, hakuna lililoharibika. Hata hivyo Ruqaiya aliona aibu kubwa, maana mlango ule aliufungua yeye kwa mikono yake mwenyewe. Akaufunga mchezo wa mbuzi, watoto wakamlaani, naye akaanza upya.

Miaka miwili baadaye alikuwa na mchezo mwingine, wa watoto kujenga mji pamoja huku wakiandikiana. Ndani yake aliweka mlinzi, akamwita Askari. Askari alisoma kila ujumbe kabla haujafika. Tusi alilizuia, namba ya simu aliizuia, na mtu akiomba picha au akisema "iwe siri yetu", taa nyekundu iliwaka na mchezo ukasimama. Mwenzake Ruqaiya, Bramwel, Mkenya wa Bungoma aliyehamia Mbale, ndiye aliyemwandikia Askari sehemu kubwa ya akili zake. Wote wawili walimpenda kama mzaliwa wa kwanza.

Walichokosa ni mtu wa kuwaamini. Shule saba za Mbale zilikubaliana kufuata neno la mwalimu mkuu mmoja tu, Mwalimu Namono. Akisema ndiyo, mchezo ungewafikia watoto elfu tatu. Akisema hapana, basi, Ruqaiya na Bramwel wangevunja kampuni na kwenda kuomba kazi kwa watu, maana hawakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Jumamosi aliyoipanga Mwalimu Namono kuujaribu mchezo, Senga akatangaza kwamba naye ana safari ya Mbale, ana mteja wa vitenge karibu na eneo la viwanda. Akakaa kiti cha mbele cha gari la Ruqaiya, na njia nzima akaeleza makosa ya madereva wengine.

Shule ya Mwalimu Namono ilikuwa mtaa wa Nkoma. Watoto kumi na wawili waliwekwa darasani na vishikwambi vyao. Wazazi na Mwalimu Namono walikaa chumba cha pili, mbele ya skrini kubwa iliyoonyesha kila kilichoandikwa na taa ya Askari. Bramwel ndiye aliyejifanya mtu mbaya. Kwa nusu saa alijaribu hila zote alizowahi kusoma, na kila mara taa nyekundu ikawaka. Wazazi wakapiga makofi.

Mwalimu Namono hakupiga. Utotoni alikisikia Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani, kikisemwa na wenye bunduki, na hadi leo mtu akikizungumza kwa ufasaha kupita kiasi humwita afande.

"Afande," alimwambia Bramwel, "hii mashine wewe ndiyo umetengeneza. Unajua iko na macho wapi. Mtu mwingine ajaribu. Ule mama pale."

Mama wa pale alikuwa Senga, amekaa nyuma anatafuna njugu.

"Mimi kompyuta sijui," Senga akasema.

"Ndiyo maana nataka wewe."

Senga akapangusa mikono, akavaa miwani, akauliza afanye nini. "Jaribu kujua habari za watoto, Senga," Ruqaiya akamwambia, akitabasamu. Moyoni alikuwa ameshashinda. Senga akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja.

"Hamjambo wajukuu. Mimi ni jaja. Mmeamkaje?"

Wote kumi na wawili wakajibu. Wengine walimuuliza hali ya miguu yake, kwa kuwa bibi yeyote lazima ana miguu inayouma.

"Wewe Metrine ni mtoto wa nani?"

"Wa mama Edinah, jaja."

"Edinah? Bila shaka anauza sokoni. Maskini, kazi nyingi. Anarudi saa ngapi?"

"Saa moja, jaja."

"Na wewe unakaa na nani?"

"Peke yangu."

"Pole mjukuu wangu. Ufunguo usije ukaupoteza."

"Haupotei, jaja. Tunaweka chini ya ndoo, nyuma ya jiko."

Taa ya Askari ilikuwa ya kijani mwanzo hadi mwisho. Mwanzoni wazazi walicheka. Ilipotajwa ndoo, Edinah, aliyekaa viti viwili tu kutoka kwa Senga, akasimama na kuziba mdomo kwa mkono, na kicheko kikakatika chumba kizima. Dakika nane zilimtosha Senga kujua nyumba tano, na majina ya mbwa wawili wasiouma.

Ruqaiya alitamani ardhi ipasuke. Mtoto wa huku, kabla hajajua herufi, ameshafundishwa kwamba mkubwa akikusalimia unaitikia, na akikuuliza wewe mtoto wa nani unamwambia. Usipomjibu umemwaibisha mama yako. Askari alijua kukamata ubaya, lakini mbele ya adabu hakuwa na la kufanya. Ruqaiya na Bramwel nao walilelewa hivyo hivyo, kwa hiyo katika miaka miwili hakuna hata mmoja wao aliyefikiri kuweka ulinzi penye salamu.

Bramwel akamnong'oneza, "Waambie ni kasoro ndogo. Tutairekebisha Jumatatu."

Ruqaiya akasimama. "Mwalimu, usikubali," akasema. "Ningekuwa mimi, nisingekubali."

Bramwel akafumba macho.

"Mimi nilikuwa nakataa tu," Mwalimu Namono akajibu. "Lakini asante."

Wakati wa kurudi Senga hakumkosoa dereva hata mmoja. Walipokaribia Iganga Ruqaiya akasema, kwa uchungu, kwamba sasa atawafundisha watoto wasimjibu mtu yeyote.

Hapo Senga akawaka. "Utovu wa adabu huo. Mama gani atakubali umharibie mtoto? Kwanza wale watoto mimi wamenikera. Nikienda kwa watu nikakuta watoto peke yao, wananisalimia, wananitandikia mkeka, halafu mmoja anakwenda kumwita mama. Basi. Mtoto akikaa kunisimulia mambo ya nyumbani, huyo ameingilia mazungumzo ya wakubwa. Hana adabu."

Ruqaiya akaegesha gari pembeni mwa barabara. "Rudia, Senga."

"Nirudie nini? Kila mtu anayajua hayo."

Kila mtu aliyajua kweli, ila hakuna aliyekuwa amemwambia Askari. Wiki tatu Ruqaiya na Bramwel hawakufanya kingine ila kumfundisha. Watoto wale kumi na wawili nao, kwa ruhusa ya wazazi, wakafundishwa mchezo upya, wakaambiwa kwamba hata humo ndani mgeni anapokewa kama nyumbani. Ruqaiya alipompigia Mwalimu Namono kumwomba nafasi moja tu nyingine, akapewa jibu fupi: "Kuja na ule mama. Bila yeye, usikuje."

Safari hii Senga alikwenda kwa shari. Aliapa mbele ya Bramwel kwamba hata wamtandikie mkeka wa dhahabu, atawapata wale watoto. Akavaa miwani, akasalimia. Wote wakaitikia, wakauliza miguu. Akamuuliza wa kwanza, "Wewe mtoto wa nani?"

Kwenye skrini mkeka mdogo ukatandikwa. "Karibu jaja, keti. Namwita mama."

Simu ikaita ndani ya chumba, mkobani mwa mzazi mmoja. Senga akamgeukia mtoto wa pili, simu nyingine ikaita. Akasifu, akatoa pole, akasema yeye ni ndugu wa baba. Simu zikawa zinaita huku na huku. Mwisho akamrudia Metrine, akaandika polepole kwamba ana kabalagala za moto, maandazi ya ndizi, kwenye kikapu, tamu sana, ila hajui nyumba.

Ruqaiya alishika ukingo wa meza, maana kabalagala ya moto imewashinda hata watu wazima. Edinah alikuwa akisali wazi wazi. Kisha maneno ya Metrine yakatokea.

"Asante jaja. Lakini mgeni hamuulizi mtoto. Mama anakuja."

Simu ya Edinah ikaita, akaipokea kwa mikono miwili.

Mwalimu Namono alimsomea mwalimu wa pembeni yake maneno yale, akayarudia kwa Kimasaba cha kwao, akavua miwani. "Hii nachukua," akasema. "Shule zote saba. Na huyu mama arudi kila muhula, ajaribu tena."

Bramwel akamkumbatia mzazi asiyemjua. Ruqaiya alicheka, machozi yakamtoka, akaendelea kucheka bila kuyafuta. Alifurahi kuliko siku zote za maisha yake. Senga peke yake hakuwa akisikiliza lolote. Alikuwa ameinama, anatafuta herufi moja moja.

"Sawa mjukuu," aliandika. "Jaja anasubiri."

Akakunja mikono magotini, akasubiri.