Insha Haianzi kwa Basi

...na kalamu ninayo, karatasi ninayo, kilichobaki ni kichwa tu, na kichwa leo kimenigomea, wenzangu wote wameinama wanaandika kama wametumwa, mwalimu anapita katikati ya madawati na viatu vyake vinavyolia kwi kwi, "Andikeni kitu mnachokijua wenyewe, jamani, kengele ikilia nakusanya," anasimama kwangu, anatazama ukurasa mweupe pe, "Wewe, bado?" bado mwalimu, ninayemjua ni mama, lakini mama anaanzia wapi... wiki iliyopita si nilianza, Basi mama alikuwa anapiga pasi, mwalimu akalipiga neno mstari mwekundu, insha haianzi kwa basi, basi ni la kumalizia, darasa likacheka, nami nikacheka, ila kwetu kila kitu kilianza kwa basi, mama na pasi yake, sisi watatu tumebanana kitandani, anarashia shati maji kwa ncha za vidole, mvuke unapanda, harufu ya nguo ya moto, ah, harufu ile, nimeikumbuka mpaka basi, anamaliza kola kimya kimya, halafu ghafla, "Basi yule mwanamke akakataa kushuka," mwanamke gani, mama? kushuka wapi? "Nyie niulizeni tu, halafu? mwanamke mtamjua huko huko mbele," maana kichwani alishaanza tangu kwenye kola, sisi tunadandia katikati, halafu? halafu? mpaka shati la mwisho... sasa pasi iko juu ya kabati, imezungushiwa waya wake, tangu apooze mama amebakiwa na neno moja tu, dada anamlisha supu, kijiko cha pili, "Basi," dada anaondoa bakuli, kashiba huyo, baba anamfungulia dirisha, "Basi," baba anafunga, mwacheni apumzike, jamani, ametuchoka, na mama anatutazama, mmoja mmoja, anangoja... mtu aliyesema imetosha anangoja nini tena? macho yale nayajua, ndiyo yale ya kwenye kola, Mungu wangu, hakuna aliyemwambia halafu, miezi yote hii labda anatuanzia na sisi tunaondoa bakuli, tunafunga dirisha, tunatoka kwa kunyata... kwi kwi, viatu vinarudi, silii hapa, wataniita mtoto wa mama, na ni kweli, mimi ni mtoto wa mama, nikifika nyumbani naketi kitandani kule kule, miguu juu kama zamani, akisema tu namuuliza, halafu, mama? na kama hakuna kinachofuata nitauliza tena, nitamjua huko huko mbele... "Bado tu?" mwalimu yuko begani kwangu, bado mwalimu, ukurasa mweupe vile vile, kalamu yake nyekundu naiona mfukoni, haidhuru, naandika Basi, naweka mkato, nangoja.