Usiku wa Kuamkia Kumi na Tano

Karani wa masjala ya polisi alizaliwa mpekuzi, na mkuu wa kituo alilijua hilo alipompa kazi ya kupanga madaftari ya matukio ya miaka hamsini, yaingizwe kwenye kompyuta. Alimwambia apange tu, asisome. Ebo! Umkabidhi fisi bucha, umwambie anuse tu? Siku ya kwanza alikuta kesi ya mbuzi aliyekula hati ya kiwanja, akacheka mpaka askari wa kaunta akaja kuchungulia.

Lakini kilichomvuta binti huyu kwenye vumbi lile kilikuwa kingine. Baba yake aliwahi kuwa konstebo hapo hapo, akafukuzwa kazi kwa kuacha mahabusu atoroke zamuni mwake. Mtaani wakambandika jina, Mlango Wazi, na mpaka leo ana miaka sabini na tisa halijambanduka. Mama naye, Mungu amsamehe, hakuwa na dogo. Wakigombana, hata ugomvi wa chumvi, alimtajia kaka yake, marehemu mjomba, aliyekuwa askari kituo kile kile akastaafu kwa heshima. Huyo ndiye mwanamume, alisema. Baba aliendelea kunywa chai yake. Karani alikua akijiuliza: kama alifanya, mbona hakuwahi kujuta? Na kama hakufanya, mbona hakuwahi kukana?

Daftari la mwaka ule alilipata siku ya tatu, chini kabisa, mgongo umeliwa na mchwa. Mahabusu alitoroka tarehe 14, saa nane usiku. Akafungua daftari la zamu: usiku wa kuamkia 14, baba. Basi ni kweli.

Angeishia hapo, lakini mpekuzi haachi ukurasa nusu. Akarudi kwenye daftari la matukio, akausoma ukurasa kuanzia juu. Tarehe 14 saa tatu asubuhi, wizi wa baiskeli. Tarehe 14 saa moja jioni, askari wamebadilishana zamu. Ndipo ikaja tarehe 14 saa nane usiku, mahabusu katoroka. Chini yake saa kumi na mbili asubuhi, na hapo tu tarehe ikawa 15.

Akapekua madaftari mengine, yote vile vile. Askari wa kaunta waliandika tarehe ya jioni waliyoingia zamu, wakaenda nayo hadi kulipopambazuka. Saa nane ile ilikuwa ya kuamkia 15! Kamati iliyomhukumu baba ilitoka makao makuu, watu wa kalenda, wasiojua desturi ile, wakahesabu kivyao. Na usiku wa kuamkia 15 baba alikuwa mapumzikoni. Aliyekuwa zamu aliandikwa kwa mwandiko safi kabisa: mjomba.

Mchana ule ule alifika nyumbani na nakala. Baba alikuwa sebuleni, redio kaifumua mkekani. Alizisoma polepole, akazikunja, akamrudishia. Alisema alijua tangu mwanzo. Yeye ndiye aliyemfundisha shemeji yake kujaza daftari. Angejitetea, angemtaja, na shemeji alikuwa na watoto watano na mke mjamzito.

Karani alikasirika, acha tu. Mjomba kafa miaka kumi sasa, na watoto wake wana wajukuu. Alikuwa anamlinda nani tena?

"Mama yako alikuwa na kaka mmoja tu," baba alisema.

Mama alikuwa kasimama mlangoni na sinia la chai. Alifika lini, hakuna aliyemsikia. Aliliweka chini, akanyoosha mkono, na karani hakuthubutu kumnyima zile karatasi. Alizisoma mara mbili. Akauliza ni kuamkia ngapi, akaambiwa. Akakaa mkekani, katikati ya skrubu.

"Asubuhi ile kaka alikuja hapa," alisema. "Aliomba maji, kikombe kikamshinda kukishika. Sikumwuliza."

Baba akamwambia yameshapita. Mama akamjibu kwamba kwake hayajapita hata siku moja, maana kila alipomtukana mumewe, kikombe kile alikiona. Kisha akamgeukia bintiye, akamwambia kesho asubuhi ampeleke kituoni, akaandikishe maelezo yake, waweke na tarehe sahihi.