Shukrani Chini ya Bomba

Asubuhi ile msimamizi wa kiwanda cha udobi aliingia akitabasamu, na Torati, mpiga pasi mkongwe, akajua kuna jambo. Mtu yule hakuwa wa kutabasamu bure.

"Ndugu zangu, nyakati ni ngumu," alisema, akigawa karatasi, "lakini Mkristo hushukuru kwa kila hali. Kila mmoja aandike anachokishukuru hapa kazini, na tumaini lake. Tutazitundika kwenye kamba ile. Mkaguzi wa usalama anafika saa nne, naye abarikiwe kuzisoma."

Mkaguzi! Torati aliinua macho. Juu ya meza ya tatu ya pasi, bomba la mvuke lilikuwa likitema matone, kiungo chake kimefungwa kitambaa. Chini yake alisimama mkamwana wake, mimba ya miezi saba, akinyoosha mashuka.

Walimwita Torati kwa kuwa hasahau kitu. Na hili hakulisahau: miaka kumi na mmoja nyuma, bomba hilohilo lilipasuka likambabua mkunja taulo kutoka begani hadi kiganjani. Yule mama alipodai haki yake, ofisi ilitoa karatasi: wafanyakazi wote wanashukuru kwa mahali pema pa kazi. Sahihi ya tano ilikuwa ya Torati, na kwa karatasi hiyo mama yule akanyimwa haki. Tangu hapo, kanisani watu wakisimama kushukuru, yeye hubaki ameketi, mdomo kaubana kama aliyemeza shubiri.

"Usiandike," Torati alimnong'oneza mkamwana.

"Nimeshaanza, mama."

"Mwanangu, huo ni mtego. Hawa wakikuomba shukrani, jipapase kwanza kama ngozi bado unayo."

"Mama nawe! Hata Mungu akileta mvua utauliza katumwa na nani."

"Nitauliza, ndiyo."

Mkamwana akacheka, akaifunika karatasi yake kwa kiganja. Kwa nini anaficha? Juzi aliitwa ofisini, akarudi kimya. Wamemwahidi nini? Kabla hajauliza, binti alikwenda kuibana karatasi kwenye kamba, wa kwanza kabisa, na msimamizi akapiga makofi bila kuisoma.

"Mnaona? Huyu ndiye Mkristo!"

Torati akaifuata karatasi ile kwa nia ya kuichana. Akasoma: "Namshukuru Mungu kwamba mvuke unaovuja juu ya meza ya tatu haujaniunguza mimi wala mtoto wangu. Tumeripoti mara tatu. Juzi niliambiwa ofisini nivumilie. Natumaini bomba litabadilishwa kabla hajaungua mtu."

Mkono ukamshuka.

"Namshukuru Mungu, mama, simshukuru msimamizi," binti alisema kwa sauti ya chini. "Na Mungu hashukuriwi kwa uongo. Walikuibia shukrani mara moja, ndiyo umewaachia moja kwa moja?"

 Torati alichukua karatasi tupu, akaandika kwamba anashukuru mkunja taulo aliponea chupuchupu, akataja mwaka, akataja bomba. Kalamu ikahamia meza ya pili, ya nne, ya sita. Vibanio vikaisha, wakatumia pini.

Hatimaye msimamizi alizisoma. Alianza kuzibandua, lakini mkaguzi alikuwa keshafika mlangoni.

"Karibu, bwana mkubwa! Chai iko tayari ofisini."

Torati akamkumbuka mkaguzi wa mwaka ule: alikunywa chai, akafuta midomo, akaondoka. Huyu naye uso wake haukusema lolote. Torati akasimama katikati ya njia.

"Chai ataletewa hapa. Meza ya tatu."

"Wewe mama, pisha!"

"Sipishi."

Mkaguzi akazitazama karatasi moja moja. Akaenda meza ya tatu, akainua uso. Tone likaangukia mkono wake, akaruka nyuma akipuliza ngozi.

"Zimeni mvuke," alisema. "Sasa hivi. Hakuna kuuwasha mpaka bomba jipya."

Mashine zikanyamaza. Torati akamvuta mkamwana wake kando ya meza. "Asante, Bwana," alisema, mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mmoja, huku jicho lake moja likimchunga mkaguzi, kuona kama kweli anaandika alichokisema.