Wasifu Aliopiga Chediel

Chediel alikuwa na mashine ya taipu kando ya soko la Itigi, na wasifu wa kila mtu alishaupiga kabla mwenyewe hajafika.

Nilipomwamkia na kumweleza kwamba nimetoka Mitundu kuomba kazi kwa wale wanunuzi wapya wa asali na nta, alivuta karatasi kwenye rundo. Ilikuwa nakala ya kaboni. Zimeachwa nafasi mbili tu, ya jina na ya kijiji.

"Jina?"

"Dorkas. Lakini kaka, hapa umeandika nimemaliza darasa la saba."

"Wote wamemaliza."

"Mimi niliishia la tano."

"Nani atakuuliza, dada? Na hapo chini unaheshimu wakubwa na unapenda mpira wa miguu. Watu ishirini na sita wameshaichukua karatasi hii, hakuna aliyelalamika."

Mimi si mtu wa kubishana. Nikitazamwa tu, maneno yananikauka. Lakini kazi yenyewe ilikuwa ya kuchemsha na kuchuja nta, nafasi ni moja, na nta ndiyo kitu pekee ninachokijua vizuri. Nikamwomba aandike kwamba kwa miaka sita, baba mdogo akirudi na masega kutoka kambi za warina asali za Rungwa, anayeyachemsha ni mimi.

"Hiyo siyo kazi. Hayo ni mambo ya jikoni kwenu. Wasifu unataka uzoefu."

"Ndiyo uzoefu wenyewe."

"Mwajiri wako nani?"

"Baba mdogo."

Akacheka hadi muuza vitumbua akageuka. "Basi tuandike pia ulikuwa meneja wa kuosha vyombo." Akapiga jina langu kwenye karatasi ile ile, akanikabidhi.

Kwenye ghala la wanunuzi nilikuta foleni. Mbele yangu walisimama vijana wanne, na kila mmoja alikuwa ameshika karatasi yangu. Nilichoka. Nimetoka Mitundu alfajiri ili nije kuwa mtu wa ishirini na saba anayependa mpira. Nikaazima peni, nikaigeuza ile karatasi, nikaandika nyuma kwa mwandiko wangu mbovu:

Niliishia darasa la tano. Najua kuchemsha nta. Masega meusi nayaloweka kwanza siku nzima. Nachuja kwa gunia. Naiacha ipoe polepole, halafu nakwangua uchafu wa chini.

Msimamizi, mama mmoja aitwaye Felista, aliitikia shikamoo yangu bila kuinua macho.

"Na wewe unapenda mpira," alisema.

"Siupendi, mama. Naomba ugeuze."

Akageuza, akasoma. Kisha akatoa bonge la nta chini ya meza, akalisukuma kwangu. "Hii ina nini?"

Nililinusa, nikamega pembeni. "Imeungua. Maji yalikuwa kidogo, moto mkubwa. Halafu wakaipoza haraka, ndiyo maana imepasuka katikati."

"Aliyeichemsha alikuja na vyeti vitatu." Akalitazama lile bonge kana kwamba limemtukana. "Jumatatu saa moja asubuhi uwe hapa."

Nikasema asante, nikageuka kuondoka.

"Subiri. Hayo masega meusi unaloweka kwa maji gani?"

"Ya baridi, mama. Makapi yashibe maji kwanza, yasije yakanywa nta."

"Sisi tunaloweka kwa ya moto," alisema kwa uchovu, akachukua peni, akaandika: maji baridi.