Mashati ya Pazia

...sikio langu amelikunja kama ncha ya daftari, tulia wewe, anasema kaka, ukitikisika utaenda chuoni na sikio moja, na wembe unashuka shingoni, wa baridi, mikono yake imekakamaa kwa kuchomelea mageti lakini kichwani mwangu inalainika, mikono ileile iliyonishika kiuno tukishuka mteremko kwa baiskeli isiyo na breki, tunapiga mayowe kama vichaa, breki ni kisigino chake, kandambili ya kulia ikaisha kabisa... chumba cha pili mama anakanyaga cherehani, anasema kitu, kinamezwa na mlio, mashuka... kesho... usisahau... nawapenda wote wawili, na kesho naondoka, na bado sijasema, mama ndiye aliyetushonea mashati kwa pazia moja, maua makubwa ya njano, tukacheka tukayavaa, na Jumamosi ile mlinzi wa shule aliona maua tu yakiruka ukuta, gari la mwalimu mkuu limeshajiendea lenyewe na kuingia maabara, mimi ndiye niliyeachia hendibreki, nilitaka tu kuona litafanyaje, miaka kumi na miwili, akili sifuri, mlinzi akasema ni mmoja wa hawa wawili, na kaka akapiga hatua mbele, ni mimi, mwalimu, wakamfukuza shule, njiani akanifinya, ole wako useme, akacheka, nami nikanyamaza miaka sita nikiamini huo ndio upendo... cherehani imesimama, safari hii kila neno la mama linafika, mnyoe vizuri huyo, wewe ulishanitia aibu, angalau huyo mmoja amenyooka, na kaka anacheka, sawa mama, kama kawaida yake, ila wembe umeganda, umeganda juu ya utosi wangu, pumzi moja, mbili, tatu, siku zote nilisikia kicheko tu, sikuwahi kuwa chini ya mkono wake mama akimwambia hivyo... kumbe inamuuma. Inamuuma kila mara, mjinga mimi, nilimwachia abebe peke yake nikamsifu kwa nguvu zake... wembe unaendelea, taratibu, inama, dogo, nainama, nusu ya kichwa bado ina nywele, povu linanitiririka mgongoni, mama, naita, njoo kidogo, ni habari ya lile gari, na kaka ananibana kichwa kwa viganja vyote viwili, nyamaza, ananong'ona, nyamaza mdogo wangu, nami kwa mara ya kwanza maishani simtii.