Ngabo ya Kétsia

Sahani ya maharagwe ilinitoka mikononi. Watoto walikimbia panga kule Masisi, na hapa Mubi, nyuma ya duka ya Papa Muhindo aliyetupokea, nasikia wakiambiana: "Ukishika panga mbili, unapiga mara mbili!"

"Koko, bibi yetu, ni muchezo tu," Camille akacheka. Ni binti wa Papa Muhindo, anasoma Goma. Alileta kitabu cha Kifaransa chenye sheria za muchezo: kila muntu anaandika shujaa wake kwenye karatasi, Camille anasimulia safari, na dadu ya nyuso makumi mbili inasema nani anaishi.

Byukusenge, binti wa jirani, alichukua panga mbili. Mujukuu wangu Kétsia, wa miaka kumi na moja, alichukua panga moja na ngabo ya kujikinga. Aliichora ya duara, na mashikio mawili.

"Eh! Anaenda vitani ao anaenda kufua?" Byukusenge akamucheka.

Mimi nikatega kitendawili kumutetea: "Kiko na mugongo, hakina mukono, kinapigwa, hakirudishi." Jibu lake ni ngabo, lakini walikuwa wamerudi kwa dadu.

Mu muchezo, mashujaa wao wakafika kwenye daraja. Wanyang'anyi wanne wakalifunga. Shujaa wa Kétsia alibaki na uhai mumoja tu.

"Ngabo inakuongezea mbili tu za kujikinga," Camille akamwambia. "Ukipigwa tena, umekufa. Itupe, kamata panga ya pili."

"Siitupi. Iko muntu nyuma yake."

"Nani? Hakuna muntu!"

"Iko! Mama alisimama hivi, njia ya Nyamitaba, na beseni. Nyuma nilikuwa mimi."

Nikakaa chini bila kutafuta kiti. Mwaka muzima nilijua tu kwamba binti yangu Emérita alipotelea njiani. Kétsia alifika peke yake, hasemi kitu, amekumbatia beseni iliyobonyea. Niliiita takataka. Asubuhi ile ile nilikuwa nimeitoboa chini kwa musumari, nikaijaza udongo nipande vitunguu.

Nikaonyesha karatasi ya Kétsia. "Camille, andika: mwenye ngabo anapokea pigo linalomwendea mwenziwe aliye nyuma, na yule wa nyuma anapiga."

"Haiko mu kitabu, Koko."

"Aliyekiandika hakukimbia na mutoto."

Camille akachukua kalamu. "Basi panga mbili zitahitaji ngabo, na ngabo itahitaji panga. Sasa njo iko sawa."

Byukusenge, bila kicheko, akasogeza karatasi yake nyuma ya ile ya Kétsia.

"Kumi na moja ao zaidi, ngabo inazuia pigo," Camille akasema.

Dadu ikazunguka, ikagonga sahani yangu, ikasimama. Kumi na mbili. Byukusenge akapiga mara mbili, daraja likafunguka.

Kétsia hakushangilia. Alitoka nje, akarudi na beseni, udongo ukimwagika. Akaiinua. Mwanga ukapita kwenye matundu.

"Nani aliitoboa?"

"Mimi, mama yangu. Sikujua."

Aliniangalia muda murefu kupitia tundu moja. Kisha akamugeukia Camille. "Ngabo yenye matundu inaongeza ngapi?"

Camille hakufungua kitabu.

"Mbili," akasema. "Zile zile mbili."